Kanzu nyeupe, msana wa giza: uvute slaida, upake maski au uunganishe picha tatu?

Msana wa nyumba ya kale ya Lamu, yaani ukumbi wake mrefu, ni mtihani kwa kamera yoyote. Upande mmoja uko wazi kwenye kiwanda (nisemapo kiwanda sisemi kile cha sabuni, ni ua wa katikati ya nyumba), na jua la saa tano linashuka wima, linapiga sakafu ya chokaa na kuruka kila pahali. Upande wa pili, kule ndani, kuna ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, uliopangwa sahani na mabirika, wenye giza lake la tangu enzi. Mkalishe hapo mzee aliyevaa kanzu nyeupe juu ya kiti cha enzi (kile kiti cha heshima cha nyumba za hapa), nyuma yake asimame binti yake na buibui jeusi, halafu bonyeza. Kamera itakutaka uchague. Ukiipima kwa kanzu, zidaka zinamezwa na giza. Ukiipima kwa zidaka, kanzu inageuka tundu jeupe lenye kichwa juu yake.

Vijana wanaoanza kazi hii, wa hapa kisiwani na wa Malindi, huniletea picha kama hiyo kwenye simu na swali lilelile: "Kaka, hii naiokoa vipi? Nivute slaida, nipake maski, au ningepiga tatu nikaziunganisha?" Slaida ni kile kitelezi cha programu unachokivuta kuongeza au kupunguza mwanga; maski ni ya kuchagua wapi marekebisho yaonekane. Njia zote tatu nimezitumia, kwenye harusi, kwenye nyumba za wageni za Shela na kwenye kalenda, na zote zimewahi kuniaibisha. Ndiyo maana sina moja ninayoiapia. Nina vipimo tu.

Vipimo kwanza

Cha kwanza nakiweka juu ya vyote: kuna kinachotembea kwenye picha? Hapa kwetu jibu mara nyingi ni ndiyo hata pale unapodhani hapana. Pazia la mlango linapepea, paka anapita, mashua iliyotia nanga inayumba, na punda hajawahi kukubali kusubiri.

Cha pili ni muda, na muda uko wa aina mbili: ule wa pale unapopiga na ule wa mezani baadaye. Njia inayokula dakika arubaini mezani haina ubaya kwa picha moja. Kwa picha mia tatu za harusi ni kifungo.

Cha tatu ni vifaa. Una simu tu, au una kompyuta? Programu ya bure au ya kulipia kila mwezi? Stendi ya miguu mitatu unayo, na je, itaingia kwenye ule uchochoro?

Cha nne ni pale picha itakapoishia. Ikienda kwenye WhatsApp ya shangazi itabanwa na kupunguzwa, makosa madogo yafe humo. Ikienda kwenye karatasi ya A3 kwa pikseli 300 kwa inchi, ni pikseli 3508 kwa 4961, na kila kosa litajitokeza kama doa kwenye shuka. Ikienda kwa mbunifu, itatakiwa iwe na pahali pa kuwekea maandishi.

Cha tano: njia yenyewe ikikosea, inaacha kovu gani? Hiki ndicho watu hawakiulizi, na mimi naona ndicho kinachowaumbua.

Kitu kimoja kabla ya njia zote

Piga RAW, yaani faili ghafi kabla kamera haijaligeuza kuwa JPEG, ile picha ya kawaida. Hesabu yake ni hii: JPEG huipa kila rangi ya msingi ngazi 256 za mwanga. Faili la RAW la biti 14 lina ngazi 16,384. Ila ngazi hizo hazigawanywi sawa. Sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, huhesabu mwanga jinsi ulivyo, na kila stopu moja ni mwanga mara mbili ya ile iliyo chini yake, kwa hiyo stopu ya juu kabisa inajichukulia nusu nzima, 8,192. Inayofuata inapata 4,096. Ukishuka hadi stopu ya nane umebakiwa na ngazi 64, na zidaka zetu ziko huko huko chini kwenye 64. Ndiyo sababu kivuli kikiinuliwa sana hutoa chembechembe na rangi za ajabu, na ndiyo sababu wengi wetu huipa picha mwanga mwingi kadiri inavyowezekana bila kuiunguza kanzu.

Ikiungua, imeungua. Sehemu iliyofika kikomo katika nyekundu, kijani na buluu zote tatu haina kitu cha kurudisha, hata ulipie programu gani. Utapata kijivu kisicho na mkunjo wala uzi wa darizi. Jambo moja la kukumbuka: histogramu ya nyuma ya kamera, ile grafu ya mwanga, huchorwa kutokana na JPEG hata unapopiga RAW, kwa hiyo hulalamika mapema kidogo. Mimi huiacha ilalamike kidogo, si sana.

Njia ya kwanza: kuvuta slaida

*Inavyofanya kazi.* Picha moja, faili moja. Unashusha slaida ya maangavu (sehemu zenye mwanga mkali), unapandisha ya vivuli, basi. Programu inaamua ipi ni pikseli ya kivuli kwa kuangalia mwangaza wake. Haijui kwamba hili ni buibui na kile ni kidaka. Likumbuke hilo, maana heri na shari ya njia hii yote imetoka hapo.

*Vifaa.* Karibu chochote. Lightroom ni ya kulipia; darktable na RawTherapee ni za bure. Kwenye simu, Snapseed hufungua faili la DNG, ambalo ni aina ya RAW, na ni bure pia. Stendi haihitajiki. Na hizi za kompyuta haziligusi faili lako la asili: zinaandika maagizo pembeni tu, ukijuta mwaka ujao unarudi mwanzo.

*Muda.* Dakika moja au mbili kwa picha ya kwanza. Zilizopigwa pahali pamoja na kwa mwanga uleule unazinakilia marekebisho kwa mkupuo. Picha za harusi huzigawa mafungu: za ndani ya nyumba, za msikitini, za baraza la nje, za usiku kwa taa. Fungu moja nalirekebisha kwa picha moja, nyingine zinafuata, halafu nazipitia haraka kuona iliyokataa. Stima ikipotea saa mbili usiku, betri ya kompyuta inanitosha kumaliza.

*Kovu lake.* Mama wa bi harusi mmoja wa mtaa wa Mkomani alinipigia simu siku ya pili baada ya kupokea picha. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "hili buibui langu umelifua kwa jiki?" Nikafungua ile picha. Kweli. Nilikuwa nimevipandisha vivuli mpaka juu ili zidaka zionekane, na slaida, isiyojua buibui ni nini, ikaliinua nalo. Hariri nyeusi iliyokuwa inang'aa kama maji ya usiku imekuwa kijivu, kijivu chenyewe kina vidoa vya zambarau. Kwenye simu yangu, jioni, sikuviona. Yeye aliviona, maana buibui ni lake na alijua bei yake.

Dawa ya sehemu ipo. Ukipandisha vivuli, shusha slaida ya weusi baadaye, ili picha ipate tena kitu cheusi kweli cha kushikilia. Picha isiyo na nyeusi mahali popote hulegea kama ngoma iliyonyeshewa. Lakini usitegemee maajabu. Stopu mbili za kuinua hazinitishi kwa kamera za sasa. Zikifika tatu naanza kutazama kwa makini, zikipita hapo nahamia njia nyingine.

*Inamfaa nani.* Wa harusi, wa habari, wa Maulidi, wa mashindano ya punda na ya majahazi, na yeyote anayepiga vitu visivyokaa chini akadaiwa picha usiku huohuo.

Njia ya pili: leya na maski

Kukata na kuunganisha picha si ugeni Lamu. Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio yake mjini hapa, alikuwa akikata picha na kuziunganisha kwa mkono zamani kabla toleo la kwanza la Photoshop halijatoka mwaka 1990. Na hata lile la kung'arisha sehemu na kuzamisha nyingine ni kazi ya chumba cha giza: fundi aliziba mwanga kwa kiganja au kipande cha kadi juu ya karatasi, alipoziba pakabaki peupe, alipoachia pakaungua pakawa peusi. Kompyuta imetupa kiganja kisichotetemeka.

*Inavyofanya kazi.* Leya ni tabaka linalowekwa juu ya picha. Maski ni ufunguo wa wapi marekebisho yaonekane na wapi yasionekane: nyeupe hufichua, nyeusi huficha, kijivu huonyesha nusu. Nieleze ninavyoifanya ile picha ya msana. Kwanza naipima kwa kanzu, ili kila mkunjo wa kitambaa uwepo. Zidaka zinakuja kwenye kompyuta zikiwa giza. Juu ya picha naweka leya ya kijivu cha nusu kwa nusu, naigeuza ichanganyike kwa ile namna ya mwanga laini (Soft Light), na kijivu kinapotea machoni kama hakipo. Nachukua brashi pana yenye kingo laini, nguvu yake asilimia 5. Rangi nyeupe pa kuinua, nyeusi pa kuzamisha.

Halafu naanza na kidaka cha katikati, chenye sahani ya buluu. Mpito mmoja hauonekani. Wa pili hauonekani. Kwenye wa nne ukingo wa sahani unaanza kutoka gizani, na wa sita naona na chombo kilichoko nyuma yake. Vya pembeni navipitia mara mbili mbili. Kile cha kona ya juu sikigusi kabisa, na mtu akiniuliza kwa nini, nitamwambia aende akasimame msanani atazame mwenyewe: kona ile huwa giza. Buibui nalizungushia njia. Halipati hata tone. Mwisho nabadilisha rangi kuwa nyeusi na kuupitia ule mwanga wa sakafuni uliozidi kelele, mara tatu, ili jicho lisitoke usoni mwa mzee likakimbilia miguuni pake.

*Vifaa.* Photoshop imekuwa na leya tangu toleo la 3 la mwaka 1994, ila tangu 2013 Adobe waliacha kutoa matoleo mapya ya kununua mara moja. Siku hizi ni malipo ya kila mwezi au ya mwaka. GIMP ni ya bure tangu ilipotoka 1996, na toleo lake la 3 la mwaka 2025 limeleta kitu tulichokililia muda mrefu: unaweza kurudi kwenye kichujio ulichokitumia na kukibadilisha bila kuanza upya. Photopea hufanya kazi ndani ya kivinjari, hufungua faili la PSD, lile la Photoshop lenye leya zake, na picha hubaki kwenye kompyuta yako bila kupandishwa kwenye mtandao. Hilo la mwisho si dogo. Bi harusi wa hapa akiwa na nywele wazi na hina mpaka viwikoni, picha ile ni amana. Nikimuahidi mama yake haitoki kwangu, basi siwezi kuipeleka kwenye programu inayoituma ng'ambo ikahaririwe huko. Lightroom nayo ina maski, na tangu mwishoni mwa 2021 inaweza kumkata mtu au anga yenyewe kwa kubonyeza mara moja. Inaponzwa na kofia ya darizi, kwa vile vitundu vyake.

Kipanya kinatosha. Kalamu na kibao chake ni raha, si lazima.

*Muda.* Dakika ishirini hadi arubaini kwa picha moja, na uvumilivu. Usiku wa pili wa kazi hii macho huanza kudanganya. Mimi huiacha picha mpaka asubuhi, nikiifungua naona upesi nilipozidisha.

*Kovu lake.* Mwanga usiojulikana umetoka wapi. Slaida ikikosea, picha nzima hulegea. Maski ikikosea, kitu kimoja tu hung'aa kana kwamba kina taa yake. Niliwahi kumwinua bibi mmoja aliyesimama nyuma kabisa kwenye picha ya ukoo, nikamwinua mno, na kwa kuwa jua lilikuwa linatoka kushoto kwa wote isipokuwa yeye, wajukuu wakasema bibi yetu ameshukiwa na nuru. Walicheka. Mimi nikairudia bila malipo. Kovu jingine ni utando mweupe kuzunguka kichwa pale brashi ilipovuka mpaka, na huo ukichapwa haufichiki.

*Inamfaa nani.* Mwenye picha chache zenye uzito: sura ya kalenda, bango, picha ya ukutani, na zaidi ya wote anayefanya kazi na mbunifu. Mwenzangu wa Malindi anayepanga kalenda alinirudishia picha ya kwanza niliyompelekea, nzuri kwa macho yangu, zidaka zote zimeng'aa. "Kaka," akaniambia, "sasa mimi niandike wapi? Ukuta wote umejaa sahani." Kwa leya nilizamisha theluthi ya juu ya ukuta, polepole, giza likashuka kama lilivyo kwenye msana wenyewe, akapata pahali pa kuweka mwezi na tarehe. Nikampa na faili lenye leya zake, ili akitaka kuinua au kushusha asinipigie simu. Kwa slaida nisingeweza kumpa hilo.

Njia ya tatu: kupiga tatu na kuziunganisha

*Inavyofanya kazi.* Kamera juu ya stendi, tundu la lenzi halibadiliki, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) haibadiliki, rangi ya mwanga haibadiliki. Kinachobadilika ni kasi ya shata peke yake, yaani muda ambao mwanga unaachiwa kuingia. Kwa mfano sekunde 1/125 kwa ajili ya kiwanda chenye jua, 1/30 ya kati, 1/8 kwa zidaka. Stopu mbili kati ya moja na nyingine. Kila sehemu ya chumba inakuwa na picha yake iliyopimwa sawasawa, kwa hiyo zidaka hazikuinuliwa kutoka kwenye zile ngazi 64. Zilipigwa zikiwa na mwanga wake. Tofauti hiyo kwenye karatasi ni kubwa. Hakuna chembechembe, rangi ya sahani ni ya sahani.

*Vifaa.* Stendi, na kamera inayoweza kupiga mfululizo wenyewe. Lightroom huunganisha na kukupa DNG moja. Enfuse, ya bure, hufanya kwa njia yake isiyotia chumvi. Ukitaka kujitawala, unaziweka kama leya tatu na kuchagua kwa maski, yaani umerudi njia ya pili ukiwa na malighafi bora. Kadi na diski zitakula mara tatu ya kawaida.

*Muda.* Mwingi pale unapopiga, mdogo mezani. Chumba kimoja cha wageni kinaweza kunichukua robo saa ya kusogeza stendi, kuzima feni na kufunga pazia ili lisicheze.

*Kovu lake.* Mizimu. Kinachosogea kati ya picha ya kwanza na ya tatu hutoka mara mbili au nusunusu. Kwenye nyumba moja ya Shela nilipeleka picha ya sebule kwa mwenyewe, akanishukuru, akauliza kama yule paka wa mikia miwili ni wa kuzaliwa. Programu zina namna ya kuondoa mizimu, na hufanya kazi kwa pazia. Kwa paka aliyeamua, hapana.

Na liko kovu la pili, la ladha. Ukiunganisha na kuvuta kila kitu kiwe sawa, chumba kinakuwa hakina kivuli, boriti za dari zimechongoka kama katuni, ukuta wa chokaa unang'aa kama meno ya tangazo. Mgeni akifika anakuta chumba cha kawaida, anahisi kadanganywa. Msana una haki ya kuwa na giza lake.

Jambo moja ambalo wenye simu hawaambiwi: simu za sasa hufanya njia hii wenyewe, kwa kupiga picha kadhaa kwa kufumba na kufumbua na kuzichanganya. Kwa hiyo ukichukua picha ya simu ukaipandishia vivuli kwenye Snapseed, unaunganisha kilichokwisha kuunganishwa. Ndiyo maana picha nyingi za simu zilizohaririwa zinafanana, bapa, kila kitu kinaonekana na hakuna kinachoonekana. Mara nyingi simu inahitaji kinyume chake: shusha vivuli kidogo.

*Inamfaa nani.* Wa majengo. Nyumba za wageni, ngome, misikiti kwa idhini, kuta za magofu ya Gede mapema kabla upepo haujaanza kuisukuma miti. Mashua isahau kabisa, hata bahari ikiwa shwari.

Mzee wa kiti cha enzi, mara tatu

Yule mzee wa mwanzo nilimpiga kwa njia zote tatu asubuhi moja, kwa ruhusa yake na kikombe cha kahawa. Slaida ilinichukua dakika mbili, na kwenye simu ya wanawe ilikuwa nzuri kuliko zote, wala sisemi kwa utani: kwenye skrini ndogo ule ulaini wake ulipendeza. Nilipoichapa A3, ukuta ukatoa chembechembe kama uliomwagiwa pilipili manga. Maski ilikula dakika thelathini na tano na ikatoa sura bora, uso na mikono ndivyo vinavyozungumza. Zidaka za mbali zilikuwa na uchafu kidogo, wa kuvumilika. Ya kuunganisha ilitoa chumba safi kupita zote mbili, na mzee mwenye mikono minne, kwa sababu alikuwa akinisimulia habari za majahazi ya Matondoni na hakuna anayezisimulia hizo mikono ikiwa mapajani.

Iliyochapwa mwishowe ni chotara: chumba kutoka kwenye tatu zilizounganishwa, mzee kutoka kwenye picha moja, mpaka wao umepakwa kwa maski. Ilichukua saa nzima. Singeifanya kwa kila kazi, na mteja wa kawaida halipi saa hiyo.

Rangi ni kesi nyingine

Malindi wana tatizo lao. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki hushusha udongo na bahari ya mbele ya mji inageuka rangi ya chai ya maziwa, wiki kwa wiki. Mwenye hoteli anataka buluu. Kwa slaida ya rangi utaipata buluu, na ngozi za watu walioko ufukweni na mchanga navyo vitaelekea hukohuko. Kwa maski utaipaka bahari peke yake, vizuri kabisa, na hapo shida inabaki kuwa ya dhamiri. Mimi naomba turudi msimu maji yakisafika. Mwenzangu wa kalenda hapaki, ila hukata picha ili bahari iwe kipande kidogo na mnazi uwe mkubwa. Wengine hupaka. Nguzo ya Vasco da Gama nayo hupigwa asubuhi: pwani ile inaelekea mashariki, jua linachomoza baharini, na baada ya saa mbili weupe wa nguzo unataka kupimwa kama kanzu.

Kwa hali yako

Kama una simu pekee na picha zinaishia kwenye simu za watu, baki na slaida, na uzivute nusu ya unavyotamani. Kama simu yako inatoa DNG, itumie kwa zile picha tano unazozijali.

Kama ni harusi, slaida kwa zote, halafu chagua kumi za albamu uzifanyie maski. Anza na zile za mama wa pande zote mbili. Nimeshakueleza sababu.

Kama ni nyumba ya wageni, fika na stendi, unganisha, kisha rudisha giza kidogo kwenye kona kwa brashi. Muulize mwenyewe mapema kama anataka watu ndani ya picha. Wakiwemo, piga chumba kitupu kwanza, watu baadaye bila kusogeza stendi.

Kama unampelekea mbunifu, mpigie kabla hujapiga. Muulize maandishi yatakaa wapi, karatasi ni ya kung'aa au ya kawaida, maana ya kawaida hunywa wino na vivuli hutoka vyeusi zaidi ya ulivyoviona. Fanya kwa maski, faili la biti 16, leya zibaki.

Kama huna hela ya kila mwezi, darktable na GIMP zinafanya yote matatu niliyoyaeleza. Kujifunza kwake ni kugumu kidogo na mafunzo ya Kiswahili ni haba, jipe mwezi. Kama kazi tayari inakulipa na mteja au mbunifu anataka PSD kila wiki, malipo ya mwezi hujilipa.

Na kama umesimama msanani, mzee ameshakaa, na hujui kabisa picha itaenda kwenye simu, ukutani au kwenye kalenda, piga tatu za haraka kwa mwangaza tofauti hata kamera ikiwa mkononi. Ya kati itakutosha kwa slaida au maski, nyingine mbili ni akiba ya chumba. Zinakula nafasi ya kadi tu, na ile aliyomo paka utaifuta ukifika nyumbani.